Damu Yako Bado Ipo Maabara

Dada Somoe,

Umelala Mitole mwezi wa pili sasa, na damu yako bado ipo huku Dar es Salaam, kwenye jokofu la maabara ninakofanya kazi. Kila asubuhi nikifungua nalikuta jina lako, kwa mwandiko wangu. Nashindwa kuimwaga.

Siku niliyokuchoma sindano ya kukutoa damu ulicheka: "Hata wewe, mdogo wangu, waninyonya?" Watu walisema anayekunyonya ni shangazi, maana tangu mhamishiwe kijiji cha ujamaa nyumba zenu zilipakana, na macho yako yakazidi kuwa ya njano.

Nikirudi Dar na damu yako kwenye kopo la barafu, basi liliharibika kabla ya kivuko cha Rufiji. Barafu ikayeyuka yote. Hata hivyo daktari ninayemsaidia maabara aliziosha chembe za damu yako, akauondoa wekundu, zikabaki ngozi tupu. Watu wa maabara huziita vizuka. Nilizitazama kwenye darubini zikielea polepole, kama zinazomtafuta mtu. Kesho yake ikafika telegramu ya kifo chako. Saa ile ile chembe zako zilipooshwa, Dada, nawe ulikuwa ukioshwa.

Protini za ngozi hizo hutenganishwa kwa umeme, zikawa mistari ya buluu. Mstari wako mmoja ulikuwa hafifu. Nikauliza, dada alizaliwa hivyo? Daktari akasema, "Au joto la njiani limeiharibu damu. Siwezi kujua. Lete nyingine."

Nyingine ningeitoa wapi?

Matangani shangazi alikaa jamvini peke yake. Mjomba akaniuliza mbele ya watu, "Wewe wa mjini, umeona nini kwenye damu yake?" Nikasema sijui. Ilikuwa kweli. Lakini nilimwona shangazi akiinamisha kichwa, na hadi leo wanawake hawaendi naye kisimani.

Wiki iliyopita nilijitoa damu yangu. Haikusafiri, haikuona jua. Mstari ule ule, hafifu vilevile. Nikavuta kope mbele ya kioo. Njano kidogo. Daktari anasema wawili hatutoshi kuthibitisha, pengine ni dawa zetu za maabara, pengine ni mikono yetu. Pengine. Mimi nilihisi baridi begani, nikageuka. Hapakuwa na mtu.

Ijumaa nakwenda Mitole. Nitawaambia kwamba hakika sina, ila ugonjwa huu, uwao wowote, ninao na mimi, na shangazi hajawahi kuwa jirani yangu.

Mungu alipanue kaburi lako, Dada. Nakuahidi, nikimaliza kusema nitaingia kwa shangazi, nile naye sahani moja, mlango wazi, kila apitaye aone.

Mdogo wako,
Zuhura