R Iliyosimama Juu ya Udongo

Mchumba wangu Atupele,

Ugonile. Huku hatujambo. Bibi yako anavuna viazi, nami namsimamia kutoka barazani.

Umeuliza kwa nini R ya "Karibuni" kwenye kitambaa chetu cha meza imesimama juu ya udongo. Mwalimu wako wa sanaa ameisifu, basi usimwambie haya.

Enzi za ujamaa nilikuwa nawachorea wasichana herufi za kudarizi. Mmoja kutoka kijiji cha Masukulu aliniletea kitambaa chake, kitandikwe siku wageni wa serikali watakapotembelea kijiji. Nikayapanga maneno yakapinda kama mkungu wa ndizi, nikajisifu mwenyewe. Alipomaliza kushona akarudi amenuna.

"Fundi, 'Kalibuni' ndiyo nini? Atakayechekwa ni mimi, si wewe."

"Si ndivyo tunavyosema?"

"Sisi tunasema. Wageni watasoma."

Kufumua kungeacha matundu. Nikaichorea ile L tumbo na mguu wa pili, ikawa R, ila ule mstari wake wa chini ukabaki umelala pale. Nikataka kuuficha kwa maua.

"Uache," akasema, sasa anacheka. "Kwani mgomba unakaa hewani?"

Akaushonea uzi wa kahawia, ukawa udongo. Wageni wakakisifu kitambaa, na wasichana wengine wakaja wakitaka R yenye udongo. Mimi nikamtaka mshonaji.

Ulimi wangu haujabadilika. Ukija likizo nitakupokea kwa "kalibu" ile ile, na bibi yako ataongeza udongo.

Babu yako, fundi wa L