Butoni ya Makaa

Mujikulu wangu Mireille, mutoto wa mutoto wangu,

Hapa Lubumbashi tuko bazima. Mama yako amefungua tena duka yake katikati ya muji, na paa ya nyumba ya Kasapa imekwisha, hata kama fundi alitutesa.

Umeniuliza kama uache kazi ya kutengeneza site za interneti, kwa sababu programu mpya zinazijenga zenyewe ukizisemesha tu.

Wakati wa vita nilikuwa ninachora site katika biro, ofisi moja ya muji. Programu mpya ikafika, ile ya kufanya page ijibu muntu akibonyeza. Patron, mukubwa wetu wa kazi, akasema hiyo iko ya bantu ba Ulaya, sisi tungoje amani. Na courant, umeme wa muji, ilikuwa inakatika kila mara.

Mimi sikungoja. Nilikata kartoni za sabuni, nikachora kila page kwa makaa, nikapeleka kwa duka ya kiliya wetu, muteja mumoja muuzaji wa jumla kutoka Kivu. Akibonyeza butoni kwa kidole, ninavuta kartoni, ninaweka ingine. Bantu ba duka bakacheka. Yeye hakucheka. Akabonyeza mahali sikuchora kitu.

"Mama, hapa hapafunguki?" akauliza. "Hapa ndiyo nataka kujua camion yangu ya mizigo iko wapi."

Courant iliporudi, nilijua cha kuamuru ile programu. Patron alikuwa angali anangoja amani.

Basi izoee hiyo programu yako, uiamuru. Lakini kwanza peleka kartoni kwa muntu, utazame kidole chake kinaenda wapi.

Mimi vita haikunifukuza kwenye meza yangu. Wewe utafukuzwa na butoni?

Nkambo wako,
Espérance