Ubishi Wetu wa Kwa Kinyozi Umekwisha

Otis, ule ubishi wetu wa pale kwa kinyozi, kwamba timu yetu ya chuo ya mpira wa Kimarekani, ule wa kukumbana, inaweza kuwapiga hata wachezaji wa kulipwa, uzike leo.

Niko hospitali na Marquel. Goti.

Mwanangu, bingwa wa vyuo! Leo mazoezini, akipigania nafasi kwenye timu ya hao wa kulipwa, mchezaji wao mkongwe mwenye mvi alimsukuma akakaa chini kama mtoto. Nikapiga kelele jukwaani: "Inuka! Mwangushe huyo babu!"

Mara ya pili babu hakusukuma. Alimvaa mzimamzima. Nilisikia goti likikatika, Otis. Kutoka jukwaani.

Babu akanitazama. "Mzee, nilikuwa namhurumia huyu dogo wako."

Alikuwa anamhurumia!

Marquel hajalia. Amesema tu, "Baba, ungenyamaza."