Mama Alipokwenda Kuvua Roho Yangu Barabarani

Mpendwa Shangazi Viengkeo, naomba msaada wako, ila jina langu usilisome redioni maana Savannakhet nzima inakusikiliza. Mimi ni dereva wa bajaji, mwaka jana lori lilinigonga njia panda ya sokoni nikavunjika paja, daktari anasema mfupa umeshaunga, natembea, ngazi napanda, lakini nikishika usukani mikono inatetemeka na jasho linanitoka, sasa anayeendesha ni mke wangu na mimi nakaa nyuma, wenzangu kijiweni wananiita bibi harusi. Mama akasema mwili umepona ila roho ilishtuka ikabaki pale barabarani, basi akachukua wavu wa samaki, akatia shati langu, yai na ndizi, akaenda kuichota mchana kweupe, na mimi niko kijiweni ng'ambo ya njia, dereva mwenzangu Kongkeo akauliza, "Bibi gani huyu anavua samaki kwenye lami?" nikacheka nao, Shangazi, nikasema simjui. Mama alisikia. Jirani anasema alifika nyumbani akasimama chini ya ngazi na wavu wake, akaita kama ilivyo desturi, "Roho imekuja?" na ndani hamkuwa na mtu wa kumjibu. Wavu ameutundika mlangoni, haufungui, wali ananipakulia lakini hasemi nami. Aibu inanila. Nihamie mji wa Pakse kwa kaka yangu mpaka yapoe?

Mwenye aibu, Savannakhet

Pole kwa paja, mwanangu, na pole yangu inaishia hapo. Kutetemeka si aibu, lori si mchezo. Rudi kwa daktari umweleze habari ya mikono, maana mguu ulimwonyesha na hofu ukamficha. Kisha anza kuendesha uani, mkeo kando yako, taratibu. Hao wa kijiweni waache wacheke, hawakulipii chakula.

Pakse usiende, mikono hiyo utakwenda nayo. Mkataa kwao mtumwa, na wewe umemkataa aliyekuzaa kwa sababu ya Kongkeo. Unataka kujua kama roho yako imerudi? Mimi sijui. Ninachojua, mama yako aliuliza na hakujibiwa, na kwetu nani anafungua wavu kabla hajajibiwa?

Kesho umwombe radhi, umpigie magoti. Umsihi ashuke tena na wavu wake, na Kongkeo na wenzake uwaite waje wasikie. Wewe kaa ndani. Akiita, "Roho imekuja?" usimwachie mkeo. Jibu mwenyewe, "Imekuja, mama," kwa sauti ileile uliyosemea kwamba humjui.