Koti la Babu Yako Lirudishwe

Neema mjukuu wangu,

Marahaba, hata kama hujaniamkia. Babu yako hafi. Uvimbe waliomtoa tumboni hapa Mikumi, daktari mkubwa alisema ni saratani, nasi tukaamini. Daktari mwingine, binti mdogo tu, akakataa: "Bibi, unafanana nayo tu. Tusubiri kipimo." Akapeleka kipande Dar es Salaam kwenye kichupa. Nikamgombeza, mbona msomi mzima anashindwa kutofautisha? Mbegu za maharage mimi nazijua gizani! Akacheka: "Huu unatudanganya hata sisi, bibi."

Leo majibu yamefika. Si saratani, ni uvimbe wa nadra, na wameutoa wote. Babu yako kaomba uji, kisha kalalamika hauna sukari, na miwa yote ile ipo hapa jirani Ruhembe! Nikajua kapona.

Sasa nenda kwa mtani wetu Chidumo. Siku tunaondoka alichukua koti la babu yako akisema marehemu hasikii baridi. Watu walicheka, mimi nikalia ndani ya basi. Mwambie alirudishe, tena limefuliwa. Huko nyumbani Lumuma kuna baridi, na mwenyewe anakuja.

Kula vizuri, umekonda.

Bibi yako