Honi Moja kwa Baba Mkwe

Jumapili, Desemba. Mbugani, Kyela. Mawingu, na joto la kuchemsha.

Mvua ya asubuhi imepiga dakika ishirini ikaondoka, ikatuachia joto lile lile na matope juu yake. Nimekaa barazani na daftari la safari mapajani, miguu haitulii. Nimeshasimama mara nne kwenda kuliangalia gari, kana kwamba linaweza kuondoka bila mimi.

Alhamisi tunaondoka. Yaani tulikuwa tunaondoka, halafu tukawa hatuondoki, na tangu jana mchana tunaondoka tena. Ngoja niandike kwa mpangilio, maana kichwa kimejaa.

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Kwa miaka kumi na sita nimechora milima yetu ubaoni kwa chaki. Wanafunzi wangu wanajua Kitulo ni uwanda wa juu wenye baridi, kwamba watu wanauita Bustani ya Mungu, kwamba mvua zikianza maua ya mwituni hufunika nyasi zote. Wamelijibu swali hilo kwenye mitihani na wakapata alama zao. Mimi mwenyewe sijawahi kufika. Nakiri hapa kwa sababu darasani nisingethubutu. Mwaka jana binti mmoja wa kidato cha tatu aliniuliza, "Mwalimu, hayo maua yananukia?" Nikamjibu, "Baadhi," nikageukia ubao.

Hiyo "baadhi" imenisumbua mwaka mzima.

Basi nikapanga safari. Kyela hadi Tukuyu, Tukuyu hadi Isyonje, hapo unaacha barabara ya Mbeya na kuanza kupanda. Unalala Matamba, unatembea Kitulo siku nzima, halafu unateremkia Chimala kwa ile barabara ya kona hamsini na saba. Baada ya hapo ni lami mpaka Iringa, na mwisho vumbi mpaka Hifadhi ya Ruaha. Kutoka kwenye maua mpaka kwa tembo kwa siku sita. Shida ni kwamba maua yanataka mvua na wanyama wanaonekana vizuri kiangazi, kwa hiyo hakuna mwezi unaoridhisha hifadhi zote mbili. Niligombana na kalenda tangu Juni. Nikachagua Desemba, shule zikishafungwa, mvua zikiwa bado hazijachachamaa.

Dereva ni mimi. Mume wangu, Ambakisye, ni mganga wa kituo cha afya, mtu mwenye mikono mitulivu kuliko wote ninaowajua, lakini ukimweka nyuma ya usukani anatetemeka. Leseni aliikatia tamaa zamani. Kwetu mimi naendesha, yeye anashika ramani na kumenya machungwa. Binti yetu Lugano atabaki kwa bibi yake.

Kila kitu kilikuwa sawa mpaka Jumapili iliyopita. Ambakisye alirudi kutoka kwa wazazi wake Ngonga, akakaa, akavua viatu polepole, na nikajua kuna jambo. Akasema, "Nimemwambia Tata kuhusu safari. Anakuja nasi."

Tata ni baba yake. Baba mkwe wangu.

Kwa asiye wa huku nieleze. Kwa desturi ya Wanyakyusa, mke hakutani uso kwa uso na baba wa mumewe. Haketi naye, hali naye, hamtazami, hamtaji jina. Tunaita ukutila, ni kuogopa kwa heshima. Siku hizi nyumba nyingi zimeiacha, unamwona mtu na mkwewe wanagombea rimoti. Nyumba ya mume wangu haijaiacha. Mzee ni mzee wa kanisa na ana simu ya kisasa, lakini kwenye hili mimi niliingia nikaikuta desturi ipo, nikaifuata. Ndiyo maana hapa namwita Mzee tu. Jina lake sijawahi kulitamka, na sasa hivi hata vidole vinakataa kuliandika.

Miaka kumi na minne. Namjua kwa kikohozi, kwa katambuga zake za tairi, kwa pindo la koti linalopotelea nyuma ya migomba. Akikaribia mahali nilipo hukohoa mara mbili, kikohozi cha makusudi, ili nipate muda wa kuondoka. Mwaka wa kwanza wa ndoa nilikutana naye kwenye njia nyembamba katikati ya mashamba ya mpunga, hakuna pa kukimbilia. Nikaingia mpungani na gauni langu la kanisani, nikachuchumaa kwenye maji mpaka alipopita. Alipita akiimba pambio kwa sauti, nadhani ili nijue amefika wapi. Ruba alining'ang'ania kwenye goti mpaka nyumbani.

Sasa mtu huyo akae kwenye gari langu siku sita.

Nilikasirika, na niseme ukweli, hasira haikuwa ya desturi peke yake. Safari ilikuwa yangu. Niliisubiri, niliipanga, nikaijazia daftari zima, halafu mtu anapewa kiti kama vile anaombewa lifti ya kwenda sokoni. Nikamwambia Ambakisye waende wawili kwa basi, mimi nibaki na wali wangu. Siku ya tatu akaniambia kitu ambacho sikuwa nakijua: Mzee, kabla hajarudi kulima mpunga, aliendesha lori la viazi kutoka Matamba kushuka Chimala kwa miaka tisa. Magoti yanamwishia. Anataka kuona kama kona zake bado zipo.

Kona zake! Nikalifungua tena daftari.

Kwa hiyo tukaanza kupanga upya, na hapa ndipo akili zetu sote wawili zilipopotea njia. Mzee atakaa nyuma, kushoto, kwa sababu mlango wa nyuma wa kulia umekwama tangu Pasaka. Mimi nitakuwa nimempa mgongo. Chakula tutakula kwa zamu, yeye na mwanawe kwanza. Chumba, yeye upande wake. Ambakisye alichora mpaka mchoro. Tulijiona wajanja sana mpaka Ijumaa nilipokaa kwenye usukani na kuinua macho.

Kioo cha ndani.

Kioo kile kinatazama kiti cha nyuma chote. Kila nikitaka kuona gari lililo nyuma yangu, nitakutana na macho ya baba mkwe, na yeye atakutana na yangu, kona baada ya kona, mpaka Chimala. Nikachukua kitambaa cha mezani, nikakifunika kioo na kukifunga kwa mpira. Kile cha nje cha kushoto nikakikunja, maana Mzee akiinama dirishani ataonekana humo pia. Nikabaki na kioo kimoja, cha kulia. Nikamwambia Ambakisye kesho tukafanye majaribio mpaka Ngonga. Mtu mwenye shahada ya ualimu nilisema hivyo, na mtu mwenye cheti cha tiba akaniitikia.

Jana basi, majaribio. Kwenda ilikuwa salama, ingawa bodaboda mmoja alinitukana kwa Kinyakyusa safi kabisa. Tulipofika uani Ambakisye alishuka kwenda kusalimia. Mimi nikabaki garini kama kawaida yangu, nikisubiri mama mkwe aje tusalimiane dirishani. Ua ulikuwa na mpunga umeanikwa kwenye turubai, na wingu lilianza kutanda. Juba, ndivyo ninavyomwita mama mkwe, alinipungia mkono nisogeze gari nyuma waukusanye.

Nikarudi nyuma. Nikasikia kitu kinalia chini ya gurudumu kama sufuria inavyokunjwa.

Ilikuwa baiskeli ya Mzee. Imeegemezwa kwenye mgomba upande wa kushoto, mahali ambapo kioo kilichokunjwa kingenionyesha vizuri kabisa. Baiskeli ile anaipaka mafuta kila Jumamosi. Ninajua kwa sababu kila Jumamosi tukifika ua unanuka mafuta yake.

Nilisikia katambuga zinakuja. Safari hii hakukohoa.

Nifanye nini? Nilijikunja chini ya usukani na kanga kichwani. Umri wangu arobaini na mbili, mkuu wa idara, nimekaa miguuni mwa gari na breki inanichoma mbavu. Niliogopa hasira yake, lakini zaidi niliona aibu, na katikati ya aibu kulikuwa na nafuu ndogo ya kishenzi: sasa safari imekufa, na si mimi niliyeiua kwa makusudi.

Katambuga zikazunguka gari. Zikasimama kwenye kioo kilichokunjwa. Zikaja mbele, na najua alikiona kitambaa cha meza, maana kilikuwa cheupe chenye maua mekundu. Juba aliacha kukusanya mpunga. Halafu Mzee akagonga boneti kwa vidole viwili na kusema, "Wewe gari."

Alikuwa anaongea na gari, tena akalisalimia kwa Kinyakyusa.

"Wewe gari, mwagonile. Mwambie dereva wako baiskeli ni chuma, itanyooshwa. Lakini dereva aliyejiziba macho mimi sipandi naye mlimani. Kule kuna kona moja, ya pili baada ya msalaba, lori likikujia nyuma na wewe hulioni, hakuna wa kukuzika. Mwambie atoe hilo tambara."

Nilitoa mkono mmoja kutoka chini, nikapapasa, nikaling'oa tambara. Mpira ulinirukia usoni.

"Ndaga," akasema kwa gari. Asante. "Na hicho cha kushoto akikunjue. Sasa akae kwenye kiti chake kama mtu. Mimi nakwenda nyuma."

Nikasikia anaondoka. Nikakaa kwenye kiti, macho kwenye usukani, nikihesabu nyuzi za kifuniko chake. Sauti yake ikatoka mbali kidogo, nyuma ya gari, ile sauti ya kusoma matangazo kanisani: "Wewe gari! Sisi wa malori tulikuwa tunapanga kioo namna hii. Utingo anasimama nyuma, hatua kumi na tano. Dereva anasogeza kioo mpaka amwone utingo mzima, kofia mpaka viatu. Mwambie asogeze mpaka anione. Akiniona mimi, ataliona na lori. Akishaniona, apige honi."

Ambakisye alikuwa kasimama mlangoni na kikombe cha chai, kinywa wazi. Juba alishika kichwa.

Niliinua mkono. Kioo kilinionyesha kwanza paa la nyumba, halafu migomba, halafu kofia. Nikakisogeza chini kidogo, na kidogo tena.

Ni mfupi. Miaka yote hii nilidhani ni mtu mrefu. Ni mzee mfupi mwenye masikio ya Ambakisye na paji la Lugano, paji lile lile ninalolipaka mafuta kila asubuhi kabla ya shule. Alikuwa amesimama wima, mkono mmoja juu kama mwanafunzi anayejua jibu, na ameyafumba macho. Aliyafumba ili nisikutane nayo. Mvua ilianza kudondoka kwenye kofia yake, na hakusogea hata kidogo, anasubiri honi.

Nilishindwa kupiga. Nilikuwa nalia. Ambakisye alipoweka kikombe chini na kuanza kuja kwenye gari ndipo nilipobonyeza, honi moja, ndefu kuliko ilivyotakiwa, mpaka kuku wakatawanyika.

Mzee akashusha mkono. Akakohoa mara mbili, kama kawaida, akaenda kuitazama baiskeli.

Nilirudi Mbugani na vioo vitatu. Tulipofika darajani Ambakisye akasema, "Hajawahi kumfanyia hivyo hata mke wa kaka." Kaka yake mkubwa ana mke miaka ishirini na mbili sasa.

Leo asubuhi nilimkuta Lugano garini anasuka nywele zake mbele ya kile kioo. Amekigeuza chote. Nilimfokea mpaka mwenyewe nikashangaa, kwa sababu ya kioo kinachorudishwa kwa sekunde mbili. Akaniuliza, "Mama, si urudishe tu?" Nimejaribu. Nimekisogeza huku na huku, naona ukuta wa jirani, naona ndoo, naona nguo kwenye kamba. Lori litaonekana bila shaka. Lakini nakitazama na naona hakijakaa sawa.

Ndiyo maana situlii. Begi limefungwa, masweta ya Kitulo yameanikwa kuondoa harufu ya kabati, kamba na sepetu vipo kwenye buti kwa ajili ya utelezi. Kilichobaki ni kimoja. Alhamisi alfajiri tukifika Ngonga, kabla mizigo ya Mzee haijapakiwa, kioo kitahitaji mtu wa kusimama nyuma ya gari hatua kumi na tano. Nami sitaki kumtuma Ambakisye akamwambie, wala sitaki kujibu kwa honi tena. Jana yeye alisema maneno mengi kuliko aliyowahi kusema nikisikia, mimi nikamjibu kwa mlio wa betri.

Nimeifanyia mazoezi sentensi moja ya kumwambia tangu asubuhi, jikoni na bafuni, mlango umefungwa. Ni maneno machache tu: "Tata, naomba usimame nyuma ya gari."

Mpaka sasa sauti inafika kwenye "Tata" inakwama. Nina siku nne.