Siku Baba Alipoinua Pikipiki

Dada yangu,

Daktari wa mifupa ametuambia leo asubuhi kwamba Baba hataendesha tena pikipiki. Diski mbili za mgongo zimehama, na mguu wa kushoto umekufa ganzi.

Sisi wengine hatujambo. Shangazi aling'oa lile jino, na bati la jikoni halivuji tena.

Uliuliza ilikuwaje. Pikipiki yake ilianguka ubavu pale kijiweni. Unajua yeye ndiye aliyewafundisha madereva wote kuinua: ipe mgongo, chuchumaa, shika usukani na chuma cha nyuma, kisha sukuma kwa miguu. Alianza hivyo hivyo. Mtu mmoja akapaza sauti, "Mzee, unaiinua au unaitagia mayai?" Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Baba naye akacheka. Akageuka, akainama, akaivuta kwa mikono kama kijana. Pikipiki ikasimama, yeye akabaki ameinama, jasho likimtoka.

Mtu huyo ni mimi, dada. Sikumwambia daktari.

Baba hajalitaja. Jana nilipotaka kumgeuza kitandani alisema, "Kunja magoti kwanza, mwanangu, usije ukaumia." Basi.

Upasuaji ni Jumatatu, saa mbili asubuhi, ili angalau atembee. Fomu inataka saini ya mtoto wake. Nilimwomba akusubiri wewe ufike. Amekataa, anataka nisaini mimi, Jumapili jioni, mbele yake.

Mdogo wako